Pasipoti Mikononi mwa Mtani

Kwa waliopitwa wiki jana, mkasa ulifika hapa. Violeth Komba, binti wa Ilala anayesomea uhandisi wa maji, alipata nafasi ambayo darasa zima liliililia: muhula mmoja wa masomo Ujerumani, nauli na malazi juu ya wenyeji. Viza ikatoka. Tiketi ikatoka. Ndege ni Alhamisi usiku.

Kisha Jumamosi baba yake mkubwa, Mzee Pantaleo, aliyemlea tangu baba mzazi alipofariki, akaanguka bafuni na hakuinuka tena.

Familia ikakaa kikao. Mzee azikwe kwao Peramiho, kule Songea, siku ya Jumatano. Gari liondoke Ilala Jumanne. Na Violeth je? Kwenda Songea na kurudi kabla ya ndege ni kubahatisha. Mama yake akasema abaki. Shangazi Mektilda, dada wa marehemu, akasema hajawahi kuona mtoto anabaki mjini kufunga begi wakati aliyemlea anafukiwa. Wakabishana sana, mama akashinda, ila ulikuwa ushindi wa aina ile ambayo mshindi anashindwa kula.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa ni Jumanne asubuhi na mwili uko sebuleni.

Lakini kuna jambo moja ambalo Violeth hakulisema kwenye kile kikao. Mimi nami sikuwaambia, kwa sababu nilitaka mumpende kwanza. Violeth hakuwa na mpango wa kurudi.

Kwenye usaili aliwaambia wakubwa kwamba akirudi atalishughulikia bonde la Jangwani, ambalo mvua ikikolea linajaa maji na watu wanahamishia magodoro juu ya mapaa. Aliongea kwa uchungu mpaka mmoja wa wale wakubwa akavua miwani. Na siku ile hakuwa anadanganya. Uongo ulikuja baadaye, polepole, kupitia simu ya kaka yake.

Kaka yake anaitwa Tarsis. Naye alikwenda hukohuko Ujerumani, naye kwa muhula mmoja, na muhula wake haujaisha mpaka leo. Kwanza kulikuwa na kozi ya ziada. Kisha kazi ya muda. Kisha makaratasi yakawa hayakai sawa. Akawa anapiga simu Pasaka na Krismasi, kisha Krismasi peke yake.

Mama yao, Clotilda, anauza makoti na masweta ya mitumba Mchikichini. Wateja wake ni watu wanaosafiri kwenda Njombe na Makete, na siku moja moja msafiri wa Ulaya. Soko zima linamwita Mama Tarsis. Fikiria kuitwa hivyo kutwa nzima, na kila mara uitike.

Alichomwambia Tarsis dada yake kilikuwa kifupi. Akishafika, asihangaike kufikiria kurudi, yeye atamwonyesha pa kushika. Violeth alikuwa amewaona waliomtangulia chuoni. Kuna dada mmoja aliyeongoza darasa, leo anasajili laini za simu chini ya mwavuli pale Msimbazi, na joho lake la mahafali limetundikwa nyuma ya mlango. Akamjibu kaka yake kwamba sawa. Alijibu akiwa amekaa kitandani, na upande wa pili wa ukuta mama yake alikuwa anapanga makoti ya kesho huku akiimba.

Aliyejua ni mtu mmoja tu, Sabaha, rafiki yake tangu sekondari, ambaye baba yake ana duka la mabegi Kariakoo. Sabaha alikuja kumsaidia kufunga begi, akaona cheti cha ubatizo na picha za utotoni zimetolewa kwenye albamu. Akauliza muhula mmoja unahitaji ubatizo wa nini. Violeth akalia, akasema yote, akamwapisha mwenzake asifungue kinywa.

Sasa twendeni msibani.

Turubai limefunga mtaa kutoka nyumba ya Mama Tarsis mpaka kwa muuza mkaa. Wanaume wako nje kwenye viti vya plastiki, wanawake ndani kwenye mikeka, na akina mama wa Jumuiya ya kanisani wanaimba taratibu kando ya jeneza. Mbele ya nyumba imeegeshwa Kosta itakayokwenda Songea. Dereva anaizunguka na kuipiga matairi mateke, kwa namna ya kuwakumbusha watu kwamba safari ni ndefu.

Pembeni ya jeneza iliwekwa meza ndogo yenye kitambaa cheupe. Juu yake kulikuwa na picha ya marehemu, msalaba, mshumaa, bakuli la maji ya baraka, na pasipoti ya Violeth.

Pasipoti ilifikaje pale? Ni mama. Clotilda ni mwanamke anayebariki kila kitu. Anabariki funguo za kibanda chake sokoni, anabariki belo la makoti kabla halijakatwa kamba, na Violeth aliponunuliwa simu, nayo ilipelekwa kanisani kabla haijawekwa laini. Aliposikia paroko anakuja kuombea mwili, akaona hakuna haja ya kumsumbua mara ya pili kwa ajili ya safari. Akaitoa pasipoti kwenye mkoba wa binti yake, akaiweka mezani ipate maji ya baraka.

Violeth aliiona akatamani kuiondoa. Lakini utaanzaje kumwambia mama yako, tena msibani, kwamba baraka zake zisubiri? Akaiacha.

Hilo lilikuwa kosa, na ni kosa ambalo nyumba ya Wangoni haikupaswa kulifanya. Kitu kilichokaa karibu na marehemu wa Kingoni ni halali ya mtani. Na watani wao ni Wahehe.

Mhehe wa msiba huu alikuwa Mzee Pius, fundi sofa wa mtaa wa nyuma. Yeye na Mzee Pantaleo walicheza drafti kila jioni kwa vizibo vya soda, wakitukaniana babu zao mpaka wapita njia wanasimama. Mababu wenyewe walipigana vita vikali zamani zile, na vilipokwisha, wajukuu wakaona ni heri kutaniana. Ndiyo maana Mngoni akifa, Mhehe wake hatakiwi kulia. Kazi yake ni kuvuruga, kuchekesha, kuiba sufuria jikoni na kudai ikombolewe. Na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Ukikasirika, aibu inakuwa yako na ya nyumba yenu.

Asubuhi hiyo Pius aliingia amevaa koti la marehemu. Ni lile la kijivu, zito, lenye mfuko uliochanika, ambalo mzee alilivaa hata Dar es Salaam hii ikiwa inachemka. Alivaa na kofia ya marehemu, na miwani ya marehemu. Akatembea mwendo wa marehemu, mguu wa kulia ukiburuzwa kidogo. Akaagiza chai kwa sauti ya marehemu, akaionja, akalalamika kwamba nyumba hii sukari inawekwa kwa kijiko cha dawa.

Wanawake waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka na machozi yakiendelea kutoka. Pius akamwambia Shangazi Mektilda kwamba amezeeka vibaya, na kwamba yeye kama kaka yake amekufa kwa aibu ya kumtazama. Shangazi akamjibu kwamba Mhehe hajawahi kumiliki koti, na ndiyo maana amesubiri mtu afe aazime. Watu wakapiga makofi. Msiba ukapata kupumua.

Paroko akafika, akaombea mwili, akanyunyiza maji. Matone machache yaliangukia pasipoti, na Clotilda akafumba macho kwa shukrani. Padri alipotoka, Pius akainama juu ya meza kana kwamba anataka kuibusu picha ya rafiki yake. Alipoinuka, pasipoti haikuwepo.

Violeth alikuwa wa kwanza kuona. Alimfuata mpaka nje, chini ya turubai, na alipomfikia mzee alikuwa tayari amesimama katikati ya wanaume, pasipoti juu. Alitangaza kwamba Ulaya imekwisha kummeza Mngoni mmoja wa nyumba hii na haijamtema. Sasa inataka wa pili. Wakiisha wote, yeye Mhehe atamtania nani? Kwa hiyo huyu hatoki.

Watu wakacheka. Waliomwona Clotilda amesimama mlangoni walipunguza kicheko.

Violeth ni mtoto wa mjini. Utani huu aliujua kwa kuusikia, jinsi unavyojua habari za nchi ambayo hujafika. Akamwamkia vizuri, shikamoo babu, akaitikiwa marahaba mke wangu, akaomba pasipoti yake. Akaambiwa akomboe.

Akaleta soda. Pius akainywa yote, akashukuru, akasema hiyo ilikuwa ya kiu. Sabaha, aliyekuja na mtandio wake mweusi tangu asubuhi, akakimbia mpaka soko la Ilala akarudi na jogoo. Pius akampakata yule jogoo, akamsifu, akamwuliza kama naye ana viza, akasema jogoo ni fidia ya mababu waliokimbizwa. Kicheko kikazidi. Hata dereva aliacha matairi yake akaja kusikiliza.

Lakini Violeth hakuwa na nafasi ya kucheka. Alikuwa amekumbuka jambo moja. Mtani lazima aende mpaka kaburini, kwa sababu huko ndiko anakotumbukia shimoni na kukataa kutoka mpaka apewe chake. Pius alikuwa na kiti kwenye ile Kosta. Kosta ikiondoka na pasipoti imo ndani ya lile koti, inarudi siku ambayo ndege imeshamwacha.

Dereva akarudi kwenye usukani akapiga honi. Wanaume wakaanza kuinuka kwenda kufunga jeneza.

Hapo Violeth akaharibu. Alimvamia mzee wa watu, akashika koti kwa mikono miwili, na ule mfuko uliochanika ukachanika mpaka chini.

"Wewe mzee ni mwizi," alisema. "Nipe pasipoti yangu, la sivyo naita polisi."

Jogoo akaruka. Wanawake wakajaa mlangoni. Mmoja wao akasema Yesu wangu kwa sauti ya chini, na Shangazi Mektilda akasema haya ndiyo malezi ya mjini, mtu anamwita mtani wake mwizi kwenye matanga ya baba yake.

Violeth akaliachia koti. Aliona aibu ikimpanda kuanzia miguuni. Angeweza kukimbia angekimbia, lakini watu walikuwa wamemzunguka, na pasipoti haikuwa mkononi mwake.

Pius hakukasirika. Alivua miwani ya marehemu, akaifuta kwa upindo wa koti, akaivaa tena. Kisha akasema, kwa sauti yake mwenyewe ya kila siku, kwamba jogoo arudishwe kwa mwenyewe na soda atailipa. Hataki kitu cha kununuliwa.

"Nataka neno moja tu," alisema. "Aape mbele ya huyu tunayemsindikiza kwamba atarudi. Akiapa, naitoa hapahapa, na mimi na yeye hatudaiani."

Watu wakashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu. Mtoto aape, gari liondoke, mzee akazikwe. Wengine walianza kukunja viti. Clotilda alikuwa amesogea hatua chache kutoka mlangoni, na uso wake ulikuwa wa mama anayesubiri mwanawe akariri shairi analolijua.

Sabaha akamshika Violeth mkono, akamnong'oneza.

"Apa tu, Vai. Yaishe. Watu wanaapa kila siku."

Na Violeth alikuwa tayari kuapa. Nataka mlijue hilo, msije mkamfanya malaika. Alikuwa ameshayapanga maneno, mepesi tu, naapa nitarudi, na alishaona Alhamisi ikija, na uwanja wa ndege, na mambo yote yakinyooka. Uongo mmoja juu ya mwingine hakuuona mzito. Akafungua kinywa.

Hapo Pius akafanya kitu ambacho nadhani hata yeye hakukipanga. Labda alitaka tu kuurudisha msiba kwenye kicheko. Akainamisha kichwa upande, akaukunja mkono nyuma ya sikio kama marehemu alivyozoea, na akauliza kwa sauti ya marehemu.

"Eti mwanangu, unarudi lini?"

Sauti ilikuwa yenyewe. Hata mimi ninayewasimulia nimeshindwa kuizoea. Kila Krismasi simu ilipoita katika nyumba ile, Mzee Pantaleo alikuwa akiuliza hivyo kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti hiyohiyo, na mkono huohuo nyuma ya sikio: eti Tarsis anasema anarudi lini. Aliuliza mwaka hata mwaka, mpaka mwisho. Na Violeth ndiye aliyekuwa akishika simu na kumjibu kwamba bado kidogo, baba mkubwa.

Mzee hakuwahi kumwuliza Violeth mwenyewe swali hilo. Viza ilipotoka alimpa mkono, akamwambia asome kwa bidii, akarudi kwenye drafti yake. Hakuuliza, kwa kuwa hakuwa na shaka.

"Sirudi," Violeth alisema.

Aliisema kwa sauti ndogo. Pius, ambaye bado alikuwa ndani ya utani, akaukaza mkono kwenye sikio na kusogea karibu, mzee asiyesikia vizuri. Basi ikabidi arudie.

"Sirudi, baba mkubwa. Tumeshapatana na Tarsis. Nilikuwa naenda moja kwa moja."

Ukishafungua bomba la namna hiyo halifungiki nusu. Violeth akasema yote, huku analia na pua inamtoka, mbele ya Jumuiya na majirani na muuza mkaa. Akasema amekuwa akiificha siri hii tangu kabla ya viza. Akasema cheti cha ubatizo kimo ndani ya begi. Akasema alikusudia kupiga simu muhula ukiisha na kusema kuna kozi ya ziada, maneno yaleyale ya kaka yake, kwa sababu yalikuwa yameshajaribiwa nyumbani na kukubalika. Akasema anaogopa. Akasema amesoma miaka yote hiyo na akitazama mbele haoni kitu isipokuwa Mchikichini, na hataki kuzeekea pale kwenye vumbi akiwaita watu waje wajaribu makoti.

Hilo la mwisho hakulikusudia. Alipolimaliza ndipo alipomwona mama yake, hatua tatu kutoka pale aliposimama. Clotilda alikuwa amefumbata mikono juu ya kanga, na hakuna kilichotikisika usoni mwake.

Mzee Pius akavua kofia. Utani ulikuwa umekwisha, na kila mtu aliona kwamba ndani ya lile koti alikuwamo mzee wa kawaida aliyefiwa na rafiki. Akasema amelipwa, tena amelipwa kuliko alichodai. Akaitoa pasipoti, akainyoosha kwa Violeth. Mkono ukasita njiani. Kilichochukuliwa na mtani msibani hurudishwa kwa mwenye nyumba ya msiba, na hilo Pius hakuweza kulibadilisha hata kwa huruma.

"Mama Tarsis," alisema, "pokea mali yako."

Clotilda akapokea. Akaifuta ile pasipoti kwa kanga, maana bado ilikuwa na unyevu wa baraka, akaifunga kwenye ncha ya kanga kwa fundo, akalichomeka kiunoni. Kisha akaingia ndani kumfunika shemeji yake.

Jeneza likafungwa, likatoka, likapakiwa. Wimbo ukapanda. Hakuna aliyemkaripia Violeth, na yeye alitamani wamkaripie. Shangazi Mektilda alimpita kama anavyopita nguzo ya umeme. Wasichana wa mtaa waliokuwa wakimwonea gere tangu viza itoke, leo walimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomwuma zaidi. Sabaha alibaki naye, amemshika jogoo miguu, hajui amweke wapi.

Clotilda akapanda mbele, karibu na dereva. Violeth akakimbilia dirishani.

"Mama. Pasipoti yangu."

"Ninayo."

"Ndege ni keshokutwa, mama."

"Najua ndege yako ni lini. Nimekuwa nikiiogopa kabla yako."

Dereva akawasha gari. Clotilda akamwomba asubiri, kwa adabu, na dereva akazima. Ndani ya Kosta watu wakaacha kuimba mmoja baada ya mwingine.

"Ulipanga kuniambia lini?" mama aliuliza.

"Nikishafika."

"Kwa simu."

"Kwa simu."

Mama akatikisa kichwa kukubali, jinsi anavyowatikisia wateja waliotaja bei ya kumdhalilisha lakini hataki kugombana nao. Violeth akangoja aambiwe apande. Alikuwa na hakika ataambiwa panda, twende tukazike, hayo mengine baadaye. Na moyoni, nitasema ukweli, kuna sehemu yake iliyoomba iwe hivyo. Pasipoti iende Songea. Ndege iondoke. Lawama ibebwe na mtu mwingine.

Lakini Clotilda hakumpa nafuu hiyo.

"Mimi sikunyimi," alisema. "Mtu mzima hanyimwi njia. Sema nipe, nitakupa sasa hivi. Ila sema hawa wote wakisikia, maana Tarsis hakuniambia chochote, na mpaka leo naulizwa sokoni naye yuko wapi sina la kujibu. Wewe nipe jibu."

Violeth akatazama ndani. Jeneza lilikuwa limelala kwenye njia katikati ya viti, na Pius ameketi karibu nalo, kofia magotini. Shangazi Mektilda alikuwa akimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ilitosha aseme acha, mama, napanda. Angesamehewa palepale. Kufikia Morogoro wangekuwa wanamsifu, na kufikia Songea ingekuwa hadithi nzuri ya binti aliyeacha Ulaya akamzike baba yake. Mimi nilitamani aseme hivyo. Wewe nawe pengine unatamani.

"Nipe," Violeth alisema.

Clotilda akaliendea fundo la kanga. Vidole vilimgomea, akasaidia kwa meno. Akaitoa pasipoti, akampa binti yake kupitia dirishani, mkononi kabisa, akahakikisha ameishika. Kisha akafungua mlango wa Kosta, akashuka. Akavuta kibegi chake cha nguo kutoka chini ya kiti, akakiweka barabarani.

Shangazi Mektilda akapaza sauti kutoka ndani kuuliza anakwenda wapi. Aliyewalisha watoto wake anakwenda kuzikwa, naye anashuka garini? Atasema nini kwa watu wa Peramiho? Wengine wakadakia. Mzee mmoja wa ukoo akamwagiza apande mara moja.

Clotilda hakupaza sauti kumjibu yeyote.

"Nendeni mkazike," alisema. "Mwambieni shemeji anisamehe, nitakuja kwake. Tarsis nilimsindikiza mpaka barabarani tu, nikawahi kufungua kibanda, kwa sababu nilijua anarudi. Sikumtazama hata vizuri. Huyu nitamsindikiza mpaka mwisho."

Akafunga mlango yeye mwenyewe, akaupiga kwa kiganja, dereva aondoke.

Kosta ikatoka taratibu kati ya viti na vyombo, ikakunja kona, na wimbo ukaenda nayo mpaka ukamezwa na honi za bodaboda. Majirani wakatawanyika bila kuaga. Sabaha akamwachia jogoo, akajipangusa mikono kwenye baibui, akasema atarudi jioni.

Mama na binti wakabaki chini ya turubai tupu. Violeth alikuwa ameishika pasipoti kwa mikono miwili, kifuani. Clotilda akavuta viti viwili, akavielekeza kimoja kwa kingine, akakaa.

"Kaa hapa mbele yangu," alisema. "Nina siku mbili tu za kukutazama."